Igizo la Mtu Ambaye Hajazikwa

Vijana wawili wa mradi walikuja kutoka Dar es Salaam na gari lililojaa karatasi za manila na kalamu za rangi. Kila shule ya msingi iandae kazi ya sanaa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, walisema, na itakayoshinda itakwenda kuonyesha Kilwa Masoko. Mkuu wa shule akanitazama mimi. Kwa kuwa niliwahi kufundisha kwaya, kuimba, kucheza na kupaka rangi vyote vilikuwa vyangu, na wala sikukataa, maana napenda sifa. Nalisema hilo mapema nisije nikajitetea huko mbele.

Wiki ya kwanza tulichora. Kitabu cha mradi kilikuwa na picha za milima ya barafu inayoyeyuka, basi watoto wangu wa darasa la sita nao wakachora barafu. Mmoja akauliza kama ni ile inayouzwa kwenye vifuko. Nilicheka, kisha nikaona aibu. Mto wetu ulikuwa umepita katikati ya mashamba kabla ya msimu wake, ukasomba ufuta, mihogo na nyumba za bondeni, na mimi nawachorisha watoto barafu ya nchi za watu! Nikafuta ubao. Nikawaambia tutaigiza mafuriko yetu, waliyoyaona kwa macho yao.

Katika darasa lile alikuwamo binti ambaye baba yake alichukuliwa na mto huo. Alivuka asubuhi kwenda kuutazama ufuta uliokuwa umeanza kuota, mvua ikanyesha juu huko kwenye milima ya Kipatimu, na maji yakamkuta njiani akirudi. Watu walimtafuta siku saba, mpaka kwenye mikoko. Hawakupata hata kiatu. Wazee walitaka isomwe hitma, mkewe akakataa katakata.

"Maiti iko wapi?" aliwauliza.

Tangu siku hiyo, mgeni asiyejua akimwuliza hali ya mumewe, alikuwa akimwambia, "Hajambo, hajarudi tu." Kijiji kizima kilimwachia. Hakukaa eda, hakugawa nguo, na baiskeli ya mumewe alikuwa akiifuta vumbi kila Ijumaa.

Binti mwenyewe ndiye aliyeomba kuwa baba yake katika igizo. Alikuja mazoezini na koti la baba, jembe begani, bega moja limeshuka, akakohoa kikohozi kile kifupi ambacho yule bwana alikitanguliza kabla ya kila neno. Na unadhani nilifikiria nini? Nilifikiria Kilwa Masoko.

Hapa kwetu pwani ya kusini, na kule uwanda wa Makonde nilikozaliwa vilevile, mtu akifa watani wake ndio wanaomwigiza. Huvaa nguo zake, huiga mwendo na maneno yake, mpaka wafiwa wanacheka machozi yakiwatoka. Hulizuia hata jeneza lisitoke mpaka watunzwe chochote. Anayeigizwa hivyo ni maiti, na anayeigiza ni mtani, si mtoto wa marehemu. Haya sikufundishwa chuoni, nimekua nayo. Lakini niliyaita sanaa, nikajidanganya kwamba yakiitwa sanaa yanakuwa mambo mengine. Heri ningekuwa mgeni, ningesema sikujua.

Siku ya maonyesho ilikuwa Jumamosi asubuhi, uwanjani. Mama wa yule binti nilimwalika kwa mdomo wangu. Nilimwambia tu kwamba binti yake ana sehemu kubwa. Alikuja amependeza, akaketi mkekani mbele kabisa.

Binti alipotoka na lile koti, watu waliangua kicheko. Alitembea, akakohoa, akamgombeza mbuzi asiyeonekana kwa sauti ya baba yake hasa, na wanawake wakapiga vigelegele. Niliwaona wageni wa mradi wakirekodi kwa simu. Nilijaa furaha, Mungu anisamehe. Ndipo bibi mmoja, mtani wa ukoo wa yule bwana, aliposimama katikati ya watu. Nadhani hakufikiri. Mazoea ya misiba mingi yalimwinua.

"Haitoki!" alipiga kelele, mikono ameitanua. "Maiti haitoki hapa mpaka mnitunze!"

Watu wakacheka tena, kisha wakanyamaza wote. Bibi akaziba mdomo kwa kanga. Binti aliendelea, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha asisimame hata watazamaji wafanye nini. Wenzake wakaja na vitambaa vya buluu, wakamzungusha, wakamlaza chini. Wageni tu ndio waliopiga makofi.

Mama alinyanyuka, akakung'uta kanga yake, akashika njia ya kwao. Nilimkimbilia.

"Dada, nisamehe, lilikuwa igizo tu."

"Mwalimu, wewe ni mtu wa huku," alisema bila kugeuka. "Aliye hai anaigizwa hivyo wapi?"

"Tulitaka watu wayaone mafuriko."

"Wameyaona. Na mtani ameshazuia maiti, watu wamesikia. Sasa mimi nikisema hajarudi, nani atanisikiliza? Mmemzika, mwalimu, tena mmemzikia mikononi mwa mwanangu."

Jioni hiyo alimwita shehe. Hitma ilisomwa, naye akavaa nguo nyeupe akaingia ndani kukaa eda. Niliambiwa kwamba kabla ya kuingia aliitoa baiskeli, akamkabidhi shemeji yake.

Sisi tulichaguliwa wa kwanza. Cheti kipo ofisini, kimeandikwa kwa wino wa dhahabu kwamba tumeelimisha jamii. Jamii gani, na kuhusu nini? Mto bado upo, mvua hazifuati tena kalenda ya mtu yeyote, na watu wameshapanda ufuta ng'ambo ileile kwa sababu hawana shamba jingine. Wenzangu wanasema nimemsaidia yule mama, kwamba asingengoja milele. Huenda. Lakini hakuniomba msaada huo.

Binti alirudi shule baada ya wiki mbili. Alinikuta peke yangu nje ya darasa, akasimama wima kama wanavyosimama wakiulizwa swali.

"Mwalimu," alisema, "ningeigiza vibaya, mama asingekaa eda?"

Nilimwambia akimbie darasani, kengele imelia. Haikuwa imelia.