Hotuba Yangu ya "Sana" Kule Pito

Jamani, hii habari nimeificha muda mrefu, na hata sasa nikiikumbuka nikiwa peke yangu kibandani nafunika uso kwa mikono kana kwamba kuna mtu ananitazama, wakati pale ndani hamna mtu, kuna simu mbovu tu zimepangwa mezani. Lakini kwa vile watu wa Pito wameshaisimulia mpaka imefika sokoni (na sokoni huko wameitia chumvi, eti nililewa, mimi ambaye pombe sijui hata ladha yake), bora niiseme mwenyewe, mcheke mkiwa na habari kamili.

Mimi ni fundi simu, kwetu Muheza, Tanga, na kibanda changu kipo Kizwite, hapa Sumbawanga. Nilikuja Sumbawanga kwa kumfuata rafiki yangu aliyeniambia huku mafundi ni wachache na kazi ipo, na alisema kweli, ila yeye mwenyewe hakumaliza hata kipupwe kimoja, baridi ikamshinda akahamia Mbeya (sijui huko alifuata joto gani), akaniachia meza, taa, na chumba cha kupanga kwa Mzee Salum. Kazi sikukosa. Nilichokosa ni mtu. Wateja wakija wananisalimia vizuri kwa Kiswahili, tunaongea habari za kioo na chaji, halafu wakigeukiana wao kwa wao Kifipa kinaanza, wanacheka, na mimi nacheka kidogo ili nisionekane nimenuna, sijui tunacheka nini. Jioni nikifunga napika wali wa mtu mmoja, na kama hujawahi kupika wali wa mtu mmoja nikwambie tu kwamba unabaki kila siku, hata upime vipi.

Katika upweke ule ndiyo nikapata mchezo wangu. Alikuja mzungu mmoja aliyekuwa anakwenda kuona maporomoko ya Kalambo, anatoka Finland, nikamtengenezea sehemu ya kuchajia, akaniambia asante sana kisha akacheka mwenyewe, akanieleza kwamba kwao "sana" maana yake ni neno. Nikamuuliza, neno gani? Akasema, neno, neno lenyewe. Nikabaki nashangaa, maana mimi nimesoma madrasa na najua kwa Kiarabu sana ni mwaka. Nikampigia kaka yangu, ambaye amefanya kazi na Waturuki relini, akaniambia kwa Waturuki sana ni "kwako". Akaja sista mmoja Mfilipino na simu yake imeingia maji, nikamuuliza naye (nilikuwa siwezi tena kujizuia), akasema kwao ukitamani jambo liwe unasema sana, kama sisi tunavyosema laiti. Hebu fikirini, kaneno kamoja, lugha hata hazijuani, na kila mmoja anakatumia kwa shughuli yake! Nilikageuza kichwani wiki nzima kwa furaha, ila sikuwa na wa kumwambia. Nilijaribu kumwambia mteja mmoja, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama simu yake imepona.

Sasa, kulikuwa na Bibi Skolastika wa Pito, nje kidogo ya mji. Aliletwa kibandani na binti yake Leokadia, anayeuza maharage sokoni, wakiwa na simu ya marehemu Mzee Kalisti, mume wa bibi. Simu ilikuwa imekufa kabisa, na ndani yake mzee alikuwa amejirekodi akiwaongelesha wajukuu. Niliihangaikia simu ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kushika, na siku sauti ilipotoka, mzee anaongea Kifipa chake kisha anacheka na kukohoa, bibi aliishika kwa mikono miwili akaiweka sikioni. Nikakataa malipo. Ndipo akaniambia kwamba siku ya misa ya kutimiza mwaka tangu mzee afariki, niende nyumbani Pito nikale nao.

Niwaambie ukweli, mwaliko ule ulinikosesha utulivu. Miaka yote niliyokaa mji huu hakuna aliyewahi kuniita kwake. Nilitaka pawe na mlango mmoja tu ambao naweza kuubisha bila kuwa nimebeba simu ya mtu, niulizwe nimeshindaje, niambiwe kaa. Nilijua siku ile nikionekana mtu wa maana, mlango umepatikana. Kwa hiyo nikanunua shati, nikapiga pasi mpaka suruali, na nikaandaa hotuba. Hapo ndipo nilipoharibu, pale kwenye kuandaa hotuba, maana hakuna aliyeniomba.

Na ilikuwa hotuba nzuri, msinidharau. Nitasema asante sana, kisha nieleze hiyo sana: kwamba ni mwaka, na mwaka wa mzee umetimia, kwamba ni neno, na hili ndilo neno langu, kwamba ni kwako, Bibi, na mwisho laiti mzee angekuwepo. Niliisema njia nzima nikiwa nyuma ya bodaboda, mpaka dereva akaniuliza, "Oya fundi, unaongea na mimi?"

Nilifika watu wametoka kanisani, ua umejaa, nikapewa kiti cha mbele karibu na wazee. Pembeni yao kulikuwa na chungu kikubwa cha kimpumu, ile pombe yao ya ulezi, na mimi nikaletewa togwa, wamekumbuka kwamba mimi ni Mwislamu. Tukala ugali na kuku. Kisha Nestori, mtoto wa kwanza wa marehemu, akaniambia, "Fundi, mama anataka kukushukuru."

Bibi Skolastika akaja ameinama, nyuma yake Leokadia na dada zake, wakapiga magoti mbele yangu juu ya udongo, wakaanza kupiga makofi ya polepole, viganja vimekunjwa kidogo, kwa heshima. Kumbe (hii kumbe nimeijua baadaye, ingekuja mapema msingekuwa na cha kusikiliza leo) desturi ni kwamba anayeshukuriwa naye anapiga makofi yake, anaitikia kwa ufupi, basi, wanainuka. Asipoitikia, hawainuki. Ni jambo la kumaliza haraka kuliko kumeza funda la maji.

Mimi nikasimama. Nikakohoa. Nikasema, "Ndugu zangu, kuna kaneno kadogo kanaitwa sana."

Bibi akapiga makofi tena, polepole. Nikajua nimeanza vizuri. Nikaingia Finland, nikaeleza baridi ya Finland na baridi ya Sumbawanga (hii haikuwemo, ilinijia palepale), na wakati naongea nikaona wanawake waliokuwa wamesimama nyuma nao wanashuka chini mmoja mmoja, maana mama mwenye nyumba yuko chini, wao watasimama vipi? Mimi nikadhani wanakaa ili wasikilize vizuri. Nikaongeza sauti. Bibi makofi, mabinti makofi, nikaona hawa watu wanaipenda hotuba kuliko nilivyotarajia, nikaingia madrasa, nikatoka madrasa, nikaingia relini kwa Waturuki. Vijana nao wakachuchumaa. Nestori akaninong'oneza, "Fundi, waitikie," nami nikamwonyesha kidole kwamba asubiri, bado nakuja.

Nilipofika katikati ya Waturuki nikatazama ule ua nikakuta wote wako chini isipokuwa mimi. Nilijisikia mtu mkubwa! Nikamtazama bibi, nikaona machozi yanamshuka, nikasema moyoni, nimemgusa. Kwa hiyo nikafanya lile ambalo mpaka leo linaniamsha usingizini. Nikasema, "Sasa wote kwa pamoja tuseme, sana!"

Wakasema. Wapole watu wale, wakasema wote, "Sana." Nikawaambia sijasikia vizuri, turudie. Wakarudia. Na kwenye hiyo ya pili Bibi Skolastika akaenda upande, akaangukia mkono, mguu umegoma kabisa, kumbe lile goti lake linamtesa tangu zamani na yale hayakuwa machozi ya hotuba. Nikaruka kumdaka. Sikumfikia. Mguu wangu ulikifikia kwanza chungu cha kimpumu, kikapinduka na mimi juu yake, pombe yote ya wazee ikaniingia shatini, kifuani, mpaka mfukoni, na nilipoinua uso nikakuta mzee mmoja anatazama pombe inavyozama kwenye udongo kwa uso wa msiba mpya.

Leokadia na Nestori walishamwinua mama yao. Mtoto mmoja akacheka, akazuiwa. Mimi nikasema samahani, nikasema tena samahani, nikatoka nje ya ua bila kuaga, nikatafuta bodaboda. Na kama haitoshi, tulipofika mjini watu ndiyo wanatoka swala ya alasiri, bodaboda ikapunguza mwendo palepale mbele ya msikiti, na Mzee Salum mwenye nyumba wangu akasogea kunisalimia. Akavuta pumzi. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema tu, "Hatibu, mwanangu," akaondoka.

Mzee Salum nilimweleza, akanielewa baada ya siku chache. Pito sikuwa na uso wa kurudi. Sikutuma hata salamu. Sokoni nikawa nazunguka njia ya nyuma ili nisipite kwenye maharage ya Leokadia, na nikimwona mtu wa Pito anakuja kibandani nainamia simu kama daktari anayepasua. Mlango nilioutaka niliufunga kwa mdomo wangu mwenyewe, ndivyo nilivyojiambia, na wali ukaendelea kubaki.

Siku moja mchana Leokadia akaja mwenyewe. Hakuwa na simu mkononi. Akavuta kile kibenchi cha wateja akakaa.

"Kaka Hatibu, umetukimbia."

"Dada Leokadia, mimi kwenu nitaonekanaje? Nimemtesa mama yenu. Nimemwaga pombe ya wazee."

"Pombe walipika nyingine," akasema, na akanieleza ile habari ya kuitikia, taratibu, bila kunicheka, akanionyesha na makofi yenyewe jinsi viganja vinavyokaa.

Nikamuuliza kwa nini hawakumwinua mama yao mapema, desturi au si desturi, mtu mzima yule anaumia mbele ya watoto wake.

"Tulitaka kumwinua," akasema. "Mimi nilimshika mkono pale ulipoanza habari za Waturuki. Akakataa. Akaniambia kwa Kifipa, mwacheni kijana aseme, huyu amekaa muda mrefu hana mtu wa kuongea naye."

Jamani, nilidhani nimeshaona aibu yangu yote. Ile ya kumwagikiwa pombe ilikuwa ya shati, nilifua ikatoka. Hii iliniingia sehemu nyingine. Mimi nilikuwa nimesimama pale na shati jipya najiona msomi wa lugha za dunia, na bibi wa watu yuko chini anavumilia goti lake kwa kuwa ameona kitu ambacho nilidhani nimekificha vizuri. Nilimgeuzia Leokadia mgongo nikajifanya natafuta bisibisi. Akaniachia nafasi nikaitafuta muda mrefu, kisha akasema mama anauliza lini nakwenda.

Nilikwenda Jumapili. Sikubeba hotuba, nilibeba sukari. Bibi alikuwa uani kwenye kiti, goti amelifunga kitambaa, anachambua maharage. Nikasema shikamoo Bibi, nikapiga magoti mimi, nikapiga makofi kama nilivyofundishwa. Akaitikia mara moja, haraka, nadhani kwa kunionyesha linavyofanyika. Kisha akanisogezea kigoda.

"Haya," akasema, "leo nimekaa vizuri. Ongea."

Nikafungua mdomo. Mimi, Hatibu, niliyezunguka mpaka Finland na kurudi, sikuwa na la kusema. Upepo ulikuwa unavuma, yeye anachambua, mabaya huku, mazuri huku, wala hanihimizi. Baadaye niliapa kwamba kwenye nyumba ya watu sifungui mdomo kabla sijatazama nani yuko chini kwa ajili yangu, na kiapo hicho nimekitunza mpaka leo. Lakini siku ile sikuwa nawaza viapo. Nilikaa mpaka maharage yakakaribia kwisha, ndipo nikasema, "Bibi, mimi huku sina mtu."

Hakushangaa. Alimalizia maharage yaliyobaki, akayapepeta, akaniuliza kama nimekula.