Maiki ya Bana Chola

Siku ile naikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka, na kila nikiikumbuka nakasirika upya. Nakuandikia, mwanangu, kwa sababu Jumamosi tumemzika Bana Chola, mama yake Chola, hapa Nchelenge, na kijana aliyekaa nyuma ya kompyuta ya kanisa alimwonyesha dada wa marehemu, aliyekuwa ameshika maiki, kwa mkono kwamba apaze sauti. Bibi mzima, mikono yake bado ina udongo wa kaburi! Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Nimerudi nyumbani nikashika kalamu. Kama kijana yule ni wewe, haya ni yako. Kama si wewe, soma hata hivyo, maana kesho watakuweka pale.

Siku ile nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilikuwa nimeishia darasa la tisa, lakini ufukweni kwetu hakuna mwingine aliyeijua mashine ile. Kanisa lilipata kompyuta, pamoja na kile kisanduku kinachopokea nyaya za maiki na kuingiza sauti ndani yake. Kwenye kompyuta kulikuwa na programu yenye orodha. Kila mstari ulikuwa kazi moja: fungua maiki ya mchungaji, anzisha wimbo, funga maiki zote. Nikipiga kitufe, kazi inafanyika na mstari unaofuata unangoja. Watu walinitazama kama daktari, na kichwa changu kikavimba.

Kilichonisumbua ni jenereta. Mngurumo wake na upepo wa ziwa viliingia kwenye maiki na kutoka kwenye spika. Basi nikaiambia programu: maiki isipitishe kitu mpaka sauti ipande sana; sauti ikiwa ndogo, ijifunge yenyewe. Mchungaji wetu alihubiri kwa kelele na kwaya iliimba kwa kelele, kwa hiyo kila mtu alinisifu. Nilisahau kwamba kuna watu wanaosema polepole. Hapana, sikusahau. Sikuwahi kuwafikiria.

Chola alikuwa mtoto wa pekee wa Bana Chola. Alipotea ziwani ile miezi ambayo uvuvi umefungwa, na mtumbwi wake ulionekana mtupu karibu na kisiwa cha Kilwa, kile cha humu ziwani mwetu. Kesho yake asubuhi tulifanya maombi ufukweni kabla wavuvi hawajatoka kumtafuta. Walikuja majirani zetu wa Chienge, na Wakongo wenye mitumbwi ya injini wakavuka kutoka ng'ambo ya ziwa, ndiyo maana tulisali kwa Kiswahili. Wanawake walikaa mbele. Wavuvi walisimama nyuma kabisa, kando ya mitumbwi, tayari kuondoka.

Bana Chola akasimama. Nikapiga kitufe, maiki yake ikawa tayari. Alisema polepole, kichwa chini. Kwenye spika vikatoka vipande: "Chola... mi najua... kule..." Kisha kimya. Kisha kipande kingine.

Mvuvi mmoja Mkongo akapaza sauti kutoka nyuma: "Hii maiki inakula samaki, inatutupia miba tu!"

Watu wakacheka. Kwenye maombi ya mtu aliyepotea, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Kisha nikasimama nikampigia kelele yule mama: "Bamayo, semeni na nguvu! Batu habasikie!"

Alinitazama. Akajaribu tena, na sauti ikawa ndogo zaidi. Kwenye kompyuta alama ya maiki yake haikuwaka. Nikajiambia amemaliza. Mstari uliofuata ulikuwa wimbo wa kwaya, nikapiga kitufe. Wimbo ukajaa ufukwe mzima, na midomo yake ilikuwa bado inatembea. Niliiona, mwanangu. Ningeweza kuurudisha mstari, kidole changu kilikuwa bado juu ya kitufe. Sikuurudisha, kwa sababu wimbo ulitoka vizuri.

Wavuvi wakaenda Kilwa. Wakatafuta mpaka jua likainama, wakarudi mikono mitupu.

Nilikuwa nakunja nyaya Ba Mulenga aliponifikia. Alikuwa mzee wa kushona nyavu, na ndiye aliyemsindikiza Bana Chola nyumbani baada ya maombi, akabaki naye. Hakunisalimu.

"Weye, unajua ule mama alikuwa anasema nini?"

"Hapana, tata," nikamjibu kama ninavyomjibu baba yangu. "Hakusikika. Nilimwambia aongeze sauti."

"Ameniambia ku nyumba, mitumbwi imeisha kwenda. Alikuwa anasema Chola hakuenda Kilwa. Alitega nyavu mu matete, kule muto unaingia ziwani. Uvuvi umefungwa, alikuwa anajificha. Upepo ndio ulipeleka mutumbwi Kilwa. Mama ameona haya kusema mbele ya batu bote kama mutoto wake alivunja sheria, lakini amesimama, amesema. Na weye ukamuimbishia kwaya."

Nikaanza kumweleza habari za jenereta na upepo. Akanikatiza.

"Ile kitu ya kuongeza sauti ilikuwa ku mikono ya nani? Ya mama mwenye kulia, ao yako?"

Nikainama nikaendelea kukunja nyaya.

Kesho yake walienda kwenye matete na kumpata kabla ya saa nne. Sitakudanganya: Chola alikuwa amekufa tangu mwanzo, sikumuua mimi. Lakini wavuvi waliomtoa walisema wangemkuta jana yake angetambulika. Siku moja zaidi kwenye maji yale ya moto ilichukua uso wake. Wazee walimkataza mama yake kufunua kitambaa. Akazika sanduku lililopigiliwa misumari, na siku ile moja niliipoteza mimi.

Miaka yote iliyofuata aliniuzia chisense sokoni, vile visamaki vidogo kama dagaa, akijaza kopo na kuniongezea kiganja juu yake. Hakulitaja neno lile hata mara moja. Heri angenitukana.

Basi nakuambia, na ninasema kwa hasira. Mfiwa akishika maiki, kitoe kile kizuizi kinachofunga sauti ndogo, acha jenereta ingurume, hakuna aliyekufa kwa kusikia jenereta. Ongeza wewe, usimwambie yeye aongeze. Kabla ya ibada nenda usimame nyuma kabisa, kwa wavuvi, usikie wanachosikia. Toa kidole kwenye kitufe na utazame midomo yake, siyo orodha yako. Wimbo utangoja. Ukikosea, rudisha mstari mbele ya watu wote, uaibike wewe. Na wakicheka, mwanangu, usicheke.

Mungu aibariki mikono yako iwe myepesi kwa wenye sauti ndogo. Akujalie mama yako, siku atakapokuwa na neno moja tu la kusema, asiambiwe na mtu alirudie. Na siku ya kukulilia wewe ikifika, walio kando ya mitumbwi wasikie kila neno.