Maganda ya Bunduki ya Badr

Baba yangu, Thani, hajui kukaa. Ukimpa kiti anakaa ukingoni, kama mgonjwa anayengoja jina lake liitwe. Alizaliwa Tabora, akaja Maskati angali kijana, akawa fundi wa silaha jeshini, na tangu alipostaafu nyumba yetu ya Ghubra haijaonja raha. Mlango usiolia huutia mafuta. Bomba lisilovuja hulifungua, likavuja. Mama husema mumewe ana siafu miguuni, kisha huficha blenda yake kabla haijatengenezwa.

Ndiyo maana kaka yangu Badr alipoleta kopo la maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, sote tulishusha pumzi. Badr alikuwa anaundiwa bunduki ya kuwindia, aende nayo Tanzania kwa kibali, na fundi wake, Hatem, ana karakana Darsait.

"Baba," alisema, "nataka risasi za bunduki yangu zitoke mkononi mwako. Nitengenezee maganda haya, yajazwe upya."

Alivyofurahi! Stoo yetu ikageuka karakana siku ile ile. Kila ganda alilipima, akalikata mdomo uliozidi, akalipiga msasa, kisha akalipasha moto shingoni ili shaba isije ikachanika. Shingoni tu. Hilo alinihubiria hata nikiwa natafuna.

"Shingo iwe laini, kitako kiwe kigumu. Kitako kikilainika, Shatha, ganda linapasuka ndani ya bunduki, na moto wote unarudi kwenye jicho la mpigaji. Nimeona mtu jeshini. Sitaki kukuhadithia."

Kopo likiisha, Badr alilichukua akaleta jingine. Ikawa hivyo miezi na miezi. Bunduki haiishi, na Baba haulizi, maana aliyeshiba haulizi pilau ilipikwaje.

Siku ya balaa alikuwa ameosha kopo zima. Maganda yakioshwa huanikwa, na jua letu la kiangazi halimcheleweshi mtu. Lakini Baba hana subira hata na jua. Aliyasimamisha kwenye kikaango cha Mama, akawasha gesi kidogo, mara moja tu, na papo hapo kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Ami Mahfoudh, binamu yake, aliyeingia Omani juzi kutoka Tabora kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Hapa kwetu mwenyeji humimina kahawa mpaka mgeni atikise kikombe. Usipokitikisa, unaongezwa. Ami Mahfoudh hakuna aliyemwambia. Kila akimaliza, Baba akamimina, na kila akimiminiwa, akanywa. Mgeni aliona haya kukataa, mwenyeji aliona haya kuacha. Niliporudi kazini niliwakuta hivyo, mmoja jasho linamchuruzika, mwingine macho yako kwenye mlango wa jikoni. Kumwacha mgeni na kikombe mkononi Baba hawezi, hata nyumba iwake. Nikamwonyesha Ami kwa mkono namna ya kutikisa.

"Kumbe!" akasema, akakitikisa kama kengele ya shule.

Baba alikimbia jikoni, nami nyuma yake. Vitako vya maganda vyote vilikuwa vimegeuka rangi, zambarau na buluu, dalili kwamba moto umevilainisha.

Alitoa ukwaju na chumvi, akayasugua kama Mama anavyosugua sinia la shaba ikikaribia Idi, mpaka yakang'aa kuliko mwanzo. Nilisimama mlangoni nikingoja ayamwage kwenye pipa. Akayarudisha koponi.

Magharibi haijafika, Badr akaja kulichukua. "Mashallah, haya mazuri kuliko yote! Na bunduki imekwisha, Baba. Nakwenda kuichukua sasa hivi. Kesho naijaribu."

Baba akatabasamu, akaangalia chini. Gari la Badr lilipoondoka tu, akaanza kuzunguka sebule.

"Mpigie."

Nikapiga. Hapokei.

"Kwa nini hukumwambia alipokuwa hapa?" nilimfokea, nikasahau nasema na nani.

"Ndo kazi pekee mwanangu aliyowahi kunitaka," alisema. "Ningemwambia vipi nimeiharibu? Mpigie tena. Wacha, lete funguo, yallah!"

Foleni ilitukamata kabla hata hatujafika Khuwair. Baba alifungua mkanda, akaufunga, akaufungua. Alimpigia Badr kwa simu yake, kisha kwa yangu, kana kwamba yangu ingesikika zaidi. Penye taa nyekundu akashika kitasa cha mlango.

"Nishushe, nende kwa miguu."

"Mpaka Darsait, Baba?"

"Jicho la mwanangu, Shatha!"

Nilianza kuogopa na mimi. Nilimwona Badr amelala kwenye mchanga, shavu kwenye bunduki, na sikuweza kuifuta picha hiyo.

Tulimkuta karakanani, mzima, bunduki mpya mezani mbele yake. Baba alianzia mlangoni.

"Usiyajaze! Nimeyachoma, ya waladi, mwanangu. Vitako vimelainika, nikayasugua usijue. Nisamehe."

Aliyasema mbele ya fundi mgeni kwake, Baba huyu ambaye hata sisi wanawe hatukuwahi kumsikia akiomba radhi. Hatem, masikini, alitaka kumpoza mzee.

"Ami, tulia. Bunduki hii risasi zake nyingine kabisa, zinanunuliwa tayari. Maganda yako hayaingii hata ukiyapiga nyundo." Akaonyesha chini ya meza. Makopo yote yalikuwa pale, yamepangwa, hata moja halijaguswa.

"Alhamdulillahi," alisema Baba. Alimshika Badr uso kwa mikono miwili, akamtazama macho, moja baada ya jingine. "Alhamdulillahi."

Kisha akayatazama makopo, na safari hii aliyatazama sana.

"Tulitaka tu upate cha kukushughulisha, Baba," Badr alisema kwa sauti ndogo. Nilitamani kumzaba kofi.

Njiani Baba alifunga mkanda na hakuugusa tena. Nyumbani alikaa kwenye kochi, akaegemea mpaka nyuma. Kesho yake alikuwa pale pale, na keshokutwa. Mama alimletea blenda kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia haikati. Akaipokea, akaiweka sakafuni.

Ijumaa, baada ya sala, Badr aliileta bunduki. Akapiga magoti mbele ya kochi.

"Kifyatulio chake kizito, Baba. Nimemkatalia Hatem asikiguse. Nakitaka mkono wako."

"Hatem fundi mzuri."

"Baba, inuka. Nakuomba."

"Si mlitaka nikae, Badr?" alisema, wala hakukasirika. "Haya. Nimekaa."