Banda Nililoziba Kila Tundu

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa saba, baridi ya Ufipa imekaza, mama mkwe wangu aliniambia niingie kwenye banda langu la kuku nichuchumae, kisha akafunga mlango kwa nje. Mwanangu, umesema unataka kufuga hapo uani kwako Sumbawanga, na umeniuliza uanze na nini. Nitakujibu. Lakini kwanza nikueleze nilivyofika humo bandani, mwanamke mzima, mama wa watoto wawili.

Nilikuwa na umri kama wako. Mume wangu alikuwa karani katika shirika la umma pale mjini, na mashirika yalipoanza kupunguza watu, naye alipunguzwa. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yalijaa vitu ambavyo zamani tulivipangia foleni, ila sisi ndio kwanza mshahara umekatika. Tukafungasha, tukahamia kijijini Msanzi kwenye shamba la ukoo wake. Mama mkwe, aliyekuwa akikaa Mwimbi kwa binti yake, alituletea makoo kumi na wawili na jogoo mmoja, kuku aliowalea mwenyewe miaka mingi. Alisema watatushikilia mpaka mahindi na ulezi wetu wa kwanza ukomae.

Mwanzo niliwalaza jikoni. Haikupita muda kicheche akapata njia, na asubuhi mbili mfululizo nikakuta manyoya sakafuni. Nikaamua kujenga banda ambalo hata panya hapenyi.

Nililijenga kwa tofali mbichi, nikakandika ndani na nje. Juu nikaweka bati kuukuu, na pale bati linapokutana na ukuta nikashindilia udongo. Dirisha moja dogo lililobaki nililiziba kwa nailoni, ile ngumu iliyokuwa imeanza kuuzwa dukani, maana upepo wa kwetu miezi ile unaufahamu. Mlango ulikuwa wa mbao zilizobanana. Nilipomaliza nilizunguka nje nikilitazama na moyo wangu ukaridhika kabisa.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Kulwa, Msukuma. Yeye na mumewe walikuwa wamehamia huko na ng'ombe wao miaka michache kabla yetu, na nusu ya kijiji tulikuwa tunachukua maziwa kwake. Siku naziba dirisha alipita, akasimama, akaniambia kwa upole niache nafasi chini ya bati ili hewa itoke. Niliitikia tu kwa adabu. Moyoni nilisema, mtu wa ng'ombe atanifundisha nini habari za kuku. Wiki hiyohiyo alinipa mtetea mmoja mwekundu, zawadi ya ujirani, nikamchanganya na wenzake.

Mwezi haukuisha kuku wakaanza kukoroma. Macho yakavimba na kutoa machozi, wakawa wanasimama pembeni wamejikunyata. Nikawatengenezea maji ya pilipili, nikawatafutia shubiri, wapi. Bwana mifugo alikuwa na vijiji vingi, na siku niliyomfuata hakuwepo. Wakafa watatu, kisha wawili.

Hapo ndipo nilipokosea kosa kubwa kuliko la banda. Nilikumbuka yule mtetea mwekundu. Nikamfunga miguu, nikaenda kumwacha mlangoni kwa Mama Kulwa bila hata kubisha hodi. Bombani nikawaambia wanawake kwamba kuku wake ameniletea ugonjwa. Jumapili, baada ya sala za jumuiya, nikayarudia, nikaongeza kwamba sijui kama alinipa kwa nia njema. Maneno hayo madogo ya mwisho, mwanangu, ndiyo yaliyotembea. Unajua mkoa wetu, watu wakisikia nia mbaya wanamalizia wenyewe kwamba ni uchawi. Baada ya siku chache watu waliacha kuchukua maziwa kwa Mama Kulwa, na watoto wakakatazwa kucheza na mapacha wake, Kulwa na Doto. Niliyaona hayo, nikanyamaza.

Mama mkwe alipopata habari kwamba kuku wake wanakufa, alikuja. Alifika asubuhi, akapokea shikamoo yangu, akanywa uji, akanisikiliza nikimlaumu Mama Kulwa mpaka nikamaliza. Kisha akaomba aone banda. Alifungua mlango, akarudi nyuma hatua moja, akajifuta macho kwa pembe ya kitenge.

"Ingia," akaniambia. "Chuchumaa, kichwa chako kiwe usawa wa kichwa cha kuku. Ukae mpaka nikuite."

Niliingia, maana mama mkwe hakaidiwi. Mlango ukafungwa. Siwezi kusema nilikaa muda gani, pengine muda wa kusali rozari nusu. Mvuke wa kinyesi ulinipanda puani ukanichoma kama niliyepuliziwa majivu. Kifua kikabana. Niliweka mkono ukutani ukarudi umelowa, na kwenye bati matone yalikuwa yananing'inia, ya pumzi ya kuku isiyokuwa na pa kwenda. Nilianza kukohoa. Nikagonga mlango kabla hajaniita.

Alinifungulia, akaniacha nivute hewa. Hakupandisha sauti.

"Wewe umeshindwa asubuhi moja. Wao umewaweka humu karibu miezi miwili. Sasa niambie tena ni nani aliyewaua."

Nililia, na safari hii hayakuwa machozi ya mvuke tu. Mama mkwe akaniuliza niliyasemea wapi yale ya Mama Kulwa. Nikamwambia, bombani na kwenye jumuiya. Akasema basi huko huko ndiko nikayarudishe, ila nianze kwa mwenyewe.

Nilikwenda mchana uleule. Mama Kulwa alikuwa anaosha vibuyu vya maziwa. Nilipiga magoti, nikamweleza yote, hata lile la kwamba alinionya nikampuuza. Aliendelea kuosha mpaka kibuyu cha mwisho.

"Nimekusikia," akasema. "Ila ujue, wiki tatu hizi maziwa nimekuwa nawapa mbwa. Na Doto ananiuliza kila siku tumewakosea nini watu."

Hakuniambia amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba aharakishe. Jumapili nilisimama mbele ya jumuiya nikasema mimi ndiye niliyewaua kuku wangu kwa kuwanyima hewa, na kwamba jirani yangu nilimsingizia. Wengine walirudi kuchukua maziwa kesho yake. Wengine ilichukua mpaka mavuno ya mwaka uliofuata, na familia mbili hazikurudi kamwe. Mama Kulwa alianza kuniitikia salamu kwanza, halafu siku moja akaja mwenyewe kutazama banda jipya nililokuwa nikilijenga na mama mkwe, akashika upande mmoja wa kamba ya kunyooshea ukuta bila kuombwa.

Kuku sita kati ya wale kumi na watatu wa mama mkwe walipona; wawili walikwenda na kicheche, watano na banda langu.

Sasa, mwanangu, jibu lako. Ukuta unaopigwa na upepo wa baridi uujenge mzima, ila chini ya bati uache nafasi ya kiganja. Ukuta wa upande wa pili uishie kiunoni, na juu yake uweke wavu mgumu wenye matundu madogo ambayo kicheche hapitishi kichwa. Ile nafasi ya chini ya bati nayo uiwekee wavu. Msingi uwe wa mawe, ushuke chini, asichimbe mnyama. Fito za kulalia ziwe chini ya usawa wa wavu, upepo uwapite juu ya migongo. Baridi ikizidi, tundika gunia upande wa wavu, juu uache nafasi hewa ipite, na asubuhi uliondoe. Sakafuni tandaza maranda au majani makavu, uyageuze, yakilowa uyatoe. Usiwajaze. Chanjo ya kideri usiikose, maana magonjwa ya kweli nayo yapo. Na kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia, chuchumaa uvute pumzi mle ndani. Ikikuchoma wewe, inawachoma wao.

Na siku jambo litakapokuharibikia nyumbani kwako, kagua kwanza kazi ya mikono yako kabla hujataja jina la mtu. Banda nililibomoa kwa siku mbili. Neno nililomsemea Mama Kulwa, nimezeeka na bado nakutana na mtu anayelikumbuka.

Mungu akubarikie ua wako na kila kinachopumua ndani yake. Akupe majirani wa kukuambia ukweli, nawe akupe masikio ya kuwasikia mapema kuliko mimi.