Nyasi Mkononi mwa Mama

Nilirudi Kitengela nikakuta supamaketi ikiuza maziwa ya kibuyu kwenye chupa. "Ni safi kabisa," mhudumu akaniambia. Safi! Nilinusa ule moshi wa kibuyu, hasira ikanipanda.

Nikiwa mtoto, kando ya barabara inayopita mbele ya supamaketi hiyo, mama akiuza maziwa ya kibuyu, bwana afya alimwambia kwamba maziwa yake ni uchafu kwa sababu hayako kwenye pakiti. Mama aling'oa nyasi, akamnyooshea. Kwetu Umaasaini, ukiombwa hivyo unasamehe, hata adui.

"Mama, kwani mimi ni ng'ombe?" Bwana afya alicheka, akamwaga kibuyu chote.

"Na watoto wangu watakula nini leo?" mama akamuuliza.

"Uliza ng'ombe wako."

Tulirudi nyumbani bila pesa ya unga. Njiani nilijaribu kuichukua ile nyasi, lakini mama alikataa kufungua ngumi.