Mshika Kamba wa Babu

Kwenye ukuta wa tembe la bibi yangu kule Gulwe, ukoo wetu wote ulikuwepo isipokuwa yeye. Baba yangu alikuwepo, amevaa kaptura, amemkumbatia jogoo. Shangazi alikuwepo na gauni lake la kipaimara. Baba mdogo alikuwepo mara mbili, na katika zote mbili analia. Hata fahali wa jirani alikuwepo, ndani ya fremu yake mwenyewe. Picha zote hizo alizipiga marehemu babu, aliyekuwa akifanya kazi relini, kwa kamera moja ndogo ya mkanda inayoenea kwenye mfuko wa koti. Bibi hakuwemo hata kwenye moja.

Nilipokuwa mdogo nilidhani hapendi kupigwa picha. Nilipokua, nikaanza tabia yangu ya kulifikiria jambo mpaka lichakae, nikamtungia sababu nyingine: labda waligombana na babu, labda aliona haya, labda alikuwepo kwenye picha zilizopotea. Baadaye shangazi alinicheka akanieleza. Bibi hakuwemo kwenye picha kwa sababu alikuwa kazini.

Kamera ile haijui mtu amesimama wapi. Ukichungulia kwenye kidirisha chake unaona kila kitu kiko safi, cha karibu na cha mbali, lakini kidirisha kinakudanganya. Wewe ndiye wa kuiambia lenzi umbali, kwa kuzungusha pete yenye namba: mita moja, moja na nusu, mbili, tatu, tano, halafu alama ya mlima kwa vitu vya mbali. Ukikosea, uso wa mtu unatoka kama umepanguswa na kitambaa kibichi. Wapigapicha wengine walikuwa wanakisia. Babu hakuyaamini macho yake kiasi hicho. Alichukua kamba nyembamba ya katani, akaifungia kwenye kipete cha ubavuni mwa kamera, akapiga fundo kwa kila namba. Kamba alimpa bibi. Bibi alikwenda nayo mpaka kwa anayepigwa picha, akaibana kifuani pake kwa kidole gumba, akaivuta ikakaza, akatangaza fundo lililofika: "Mbili!" Babu alizungusha pete, akainua kamera, akasema, "Tayari." Hapo bibi aliachia kamba na kukimbilia pembeni, na babu akabonyeza. Mara moja tu. Mkanda ulikuwa ghali, na sheria yake ilikuwa mtu mmoja picha moja, ukifumba macho utabaki umefumba.

Ndiyo maana picha zile zote hazina ukungu hata kidogo. Na ndiyo maana bibi hayumo.

Kamera iliniangukia mimi baada ya chuo. Nilikuwa nimehamia mjini kwa shangazi, Ipagala, nikisubiri kazi, nikiandika barua za maombi ambazo kila moja niliisoma upya hadi maneno yakaanza kuonekana ya mtu mwingine. Niliikuta kwenye kabati la vyombo, imefungwa ndani ya soksi, na kamba yake imeviringwa vizuri kama ya jana. Nikaminya kitufe. Ikalia *tik*, sauti ndogo na safi. Haina betri. Haikuwa imemsubiri mtu wa kuichaji.

Sijui kama naweza kueleza raha niliyoipata bila kuonekana mjinga. Kwenye simu napiga picha nyingi za kitu kimoja, kisha nakaa nazilinganisha, kisha nazifuta zote kwa wasiwasi. Kamera hii ndogo hainipi nafasi hiyo. Inaniuliza maswali machache: jua likoje, mtu yuko umbali gani. Nikishajibu, yamekwisha. Haina kioo cha kunionyesha nilichofanya. Kwa mtu kama mimi ilikuwa kama kupumzishwa. Nilianza kutoka nayo, Ipagala mpaka Nzuguni, nikipiga mafundi juu ya mapaa mapya, mama anayepepeta uwele, vumbi jekundu likivuka barabara. Rafiki zangu walinitania.

"Hiyo ndiyo kamera? Mimi nilidhani umebeba sabuni unaenda kuoga."

Lakini walewale ndio waliokuwa wa kwanza kuomba kuishika, na wakishaishika hawairudishi upesi. Wanazungusha ile pete, mbele, nyuma, kimya. Nimewaona wengi wakifanya hivyo na sijawahi kuchoka kuwatazama.

Halafu baba mdogo akapiga simu.

"Jumamosi tunashusha tembe. Bibi yako anahamia kwenye nyumba ya bati."

Nyumba ya matofali aliyomjengea mamaye ilikuwa imekamilika, hatua chache tu kutoka pale. Tembe lenyewe lilikuwa limechoka. Mvua ilikuwa inapita kwenye udongo wa paa na ukuta mmoja umetoa tumbo. Hakuna aliyepinga, hata bibi.

"Baba mdogo, msianze kabla sijafika."

"Unakuja kutuzuia?"

"Nakuja kumpiga picha bibi. Mlangoni pake."

"Nimeshampiga kwa simu hata sijui ngapi. Angalia kwenye grupu."

Nikaangalia. Bibi alikuwa anatazama kando, anasema kitu, amegeuka nusu. Baba mdogo alipomwonyesha alisema, "Haya, nimeziona," kama mtu aliyeonyeshwa wingu lisilo na mvua. Kwake picha ni kitu kinachoning'inia kwenye msumari. Na mimi nilijua ukuta wenye misumari yote ile ukianguka kabla bibi hajaingia kwenye kamera ile, mlangoni kwake mwenyewe, hataingia tena.

Nilifika asubuhi. Mafundi walikuwa wameanza upande wa pili, wanateremsha udongo wa paa kwa majembe. Bibi alikuwa ameketi nje, amejifunga khanga mpya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huko chuoni walikuwa wanakulisha karatasi?"

Nikaitoa kamera. Aliitazama, kisha akaitazama kamba, na mkono wake ukaenda kwenye kamba kwanza.

Kabla ya kumgeukia nilikuwa nimeshafanya kosa. Kwa hofu ya kukosa kitu nilikuwa nimepiga ukuta, picha za ukutani moja moja, boriti, jiko, hata misumari. Nilipomsimamisha bibi mlangoni mkanda ulikuwa umebakiza picha mbili. Sikumwambia mtu.

"Simama hapo, bibi. Katikati ya mlango."

Akasimama. Akaibana kamba kifuani kwa kidole gumba, akaivuta ikakaza, na kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, ya mtu aliye ofisini, akasema, "Mbili!"

Nikazungusha pete. Nikainua kamera. Na kwa kuwa ndivyo nilivyosimuliwa kwamba inafanywa, nikasema, "Tayari."

Bibi akaachia kamba, akapita pembeni mbio, akasimama kando ya kinu. Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza.

Kulikuwa na jirani yake pale, bibi wa rika lake, yule mwenye fahali. Alicheka mpaka akashika fito za boma.

"Bibi, wewe ndiye unayepigwa picha!" nikasema.

"Umesema tayari."

"Mazoea yamemwingia miguuni," jirani akasema. "Mfungeni, kama nilivyomfunga fahali wangu siku ile ya picha yake."

Bibi naye alikuwa anacheka, lakini akaanza kuikunjua khanga mabegani. "Basi, umeshapiga. Babu yako hakuwa anarudia."

"Nimepiga mlango, bibi. Wewe hukuwemo."

"Mlango nao umesimama hapa siku nyingi. Ulistahili yake."

Baba mdogo alitokea na vumbi kwenye nyusi. "Mwenzangu, mafundi wanasubiri. Tumia simu tumalize."

Picha moja. Nikasimama pale nikaanza kufikiri, na mtu anayefikiri kama mimi anajua jinsi ardhi inavyoanza kutoweka. Nikimwambia asimame bila kamba, atarudi nyuma nusu hatua kwenye kivuli, na nusu hatua kwa umbali ule inatosha kuufuta uso. Nikimwambia ashike kamba, ataiachia tena kwa mazoea. Akiendelea kuishika, kamba itaonekana, itakata picha katikati, na babu kwenye picha zake zote hakuwahi kuruhusu hata uzi. Nikawaza nipige kwa kukisia. Nikawaza niombe mafundi wasubiri mpaka niende mjini kutafuta mkanda mwingine, ambao nilijua haupo. Udongo ukaanguka ndani ya nyumba kwa kishindo, na vumbi likatoka mlangoni, likampita bibi.

"Bibi," nikasema. "Rudi. Shika kamba. Usiiachie. Leo sisemi tayari."

"Kamba itaonekana."

"Ionekane."

"Babu yako angenifukuza."

"Mpigapicha ni mimi."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Bibi alinitazama kidogo. Akarudi mlangoni, akaibana kamba kifuani, akatafuta fundo kwa kidole bila kulitazama. "Mbili," akasema, taratibu safari hii. Kisha, kuona kama nina uhakika, akaivuta mara moja kwa nguvu. Nikausikia mvuto ule kwenye viganja vyangu. Nami nikaivuta kumjibu.

"Angalieni!" jirani akapiga kelele. "Ng'ombe wa mahari anakataa kutoka zizini!"

Bibi akacheka. Alicheka na kichwa chake kimeinuliwa, kidole gumba kiko palepale, kamba imekaza. Nikabonyeza.

Nilipovuta wenzo wa kusogeza mkanda, ukagoma. Umekwisha. Kufikia jioni tembe nalo lilikuwa limekwisha. Likabaki lundo la udongo na boriti zilizopangwa kando, na fremu zote zimeegeshwa kwenye ukuta wa nyumba mpya.

Mkanda niliutuma Dar es Salaam kwa basi, kwa mzee mmoja ambaye bado anasafisha picha. Na hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Usiku uleule niliporudi Ipagala niliitazama pete ya kamera: ilikuwa kwenye tatu. Je, niliigusa nilipoirudisha kwenye soksi? Au niliigusa bibi alipovuta kamba, kabla sijabonyeza? Nikakaa nikiurudia mvuto ule. Nikajaribu kwa mikono yangu mbele ya shangazi, nikamshikisha kamba jikoni, nikamwomba avute, nione kama kidole changu kinaisogeza pete. Mara nyingine kilisogeza, mara nyingine hakikusogeza.

"Mwanangu," shangazi akasema, mwiko mkononi, ugali unaungua, "kilichoingia kwenye mkanda kimeshaingia. Hata ukifikiri mpaka Krismasi hakitoki wala hakiongezeki."

Alikuwa sahihi. Nilipoendelea kulifikiria jambo hilo niligundua kitu kilichonishangaza: sikutamani kuwa nimepiga kwa namna nyingine. Kama uso ungetoka umefutika, bado ningekuwa nimeamua, pale, na kamba mkononi. Nilikuwa sijazoea kujisikia hivyo.

Bahasha ilifika. Niliifungulia palepale stendi, nimesimama juani. Nilizitafuta zile mbili za mwisho. Ya kwanza ilikuwa ya mlango: mlango mtupu, mweusi, na kwenye ukingo wa kushoto pindo la khanga linalotoroka. Ya pili ilikuwa bibi.

Alikuwa safi. Mikunjo ya macho yake ilihesabika. Nyasi zilizochanganywa kwenye udongo wa ukuta nyuma yake zilionekana, na ufa wa karibu na kizingiti. Kidole gumba kimekaa juu ya fundo, na kutoka hapo kamba inakuja mbele, mwanzoni kila uzi wake ukionekana, kisha ikizidi kufifia kadiri inavyonikaribia, mpaka chini kabisa ya picha inakuwa moshi tu. Nimesoma kanuni nyingi za picha nzuri. Sikumbuki hata moja inayoruhusu kamba ile, na siwezi kuiwazia picha ile bila hiyo kamba. Nilimwonyesha dereva wa bodaboda nisiyemjua. Nilimwambia, "Nimepiga mimi."

Jumapili iliyofuata nilikwenda Gulwe na picha zote mbili. Bibi alizipokea kwa mikono miwili, akatoka nazo nje kwenye mwanga. Nilidhani atautazama uso wake kwanza. Aliitazama kamba. Akaifuata kwa ukucha kutoka kifuani mpaka inapopotea, akarudi juu.

"Niliikaza," akasema.

"Uliikaza, bibi."

"Unaona? Haikulegea hata kidogo."

Akamwita baba mdogo alete nyundo. Baba mdogo alitaka iwe katikati ya sebule, peke yake. Bibi akakataa, akataka iwe kati ya jogoo wa baba na gauni la shangazi, palipojaa watu. Kisha akaidai na ile ya mlango, ile iliyoharibika, akaitaka itundikwe jirani na yake. Baba mdogo akamwambia ile haina mtu. Bibi akaweka kidole kwenye pindo la khanga.

"Huyu hapa."

Jirani alikuja jioni kuiona nyumba. "Mbukwenyi!" akatusalimia mlangoni kwa kikwetu, tukamwitikia. Alimpitia fahali wake kwenye fremu kwanza, akamsalimu, kisha akasimama mbele ya bibi wa ukutani kwa muda, mikono kiunoni.

"Kumbe ulikuwa mrembo hivi," akamwambia. "Siku zote hizo ulikuwa umejificha wapi?"

Bibi alikuwa anamimina chai. Hakugeuka.

"Nilikuwa kazini," akasema.