Kamwene, Fungua Shehena

Mimi ni haramia. Naandika hivyo kwa macho makavu, maana watu wazima wanne wameshaniambia niache, na wote wanne nimewasikiliza kwa heshima, nikawapikia chai, nikaendelea. Natoka Iringa, upande wa Kilolo. Naishi Ilomba hapa Mbeya, nina duka dogo la steshenari ambako napiga chapa barua za watu na kutoa kopi, na Jumapili naimba kwaya, sauti ya pili. Jumamosi mchana, duka likishafungwa, nakaa mbele ya kompyuta ileile ya kuchapia barua, naingia kwenye mchezo wa mtandaoni wa vyombo vya anga, na kupora watu.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kila mchezaji ana chombo chake, na wachezaji ni watu kweli, kila mmoja kakaa kwake huko duniani. Wengi ni wafanyabiashara: wanapakia shehena kituo hiki, wanaishusha kituo kile. Wengine wanachimba madini kwenye mawe yanayoelea, kama machimbo ya Makongolosi yasiyo na vumbi. Mimi najificha nyuma ya sayari moja nyekundu, kando ya njia yao. Chombo kikipita nakiwahi, nakizimia injini, nakipekua nione kimebeba nini, kisha namwambia mwenyewe achague: amwage nusu ya mzigo aende zake, au apoteze mzigo na chombo. Sijawahi kuchukua zaidi ya nusu, na sijawahi kumlipua mtu aliyenisikiliza.

Ila kabla ya hayo yote nasalimia. Siwezi kuacha. Kwetu humwendei mtu ukaanza na shida yako, hata kama shida yenyewe ni kumwibia. Kwa hiyo naandika kwanza "Kamwene", salamu yetu Wahehe na ya jirani zetu Wabena, halafu ndiyo yanafuata mengine kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Watu wa ng'ambo hawaijui salamu hiyo. Walidhani ni jina la genge. Niliwahi kukuta mahali wachezaji wanapoandikiana, mmoja anawaonya wenzake wasipite sayari nyekundu siku za Jumamosi kwa sababu kuna genge la Kamwene, wakatili sana. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akachukua karatasi zake akaenda kutoa kopi kwa jirani.

Mwaka wa tatu wa uharamia wangu, mdogo wangu aliyeko Iringa alijifungua. Alikuwa ameshazika wawili. Huyu wa tatu alipofikisha miezi mitatu, ananyonya, anapiga kelele, mdogo wangu alinipigia simu akasema sasa yuko tayari kubatiza, na msimamizi wa ubatizo ni mimi, hataki mwingine. Nilikuwa nimemwahidi tangu mimba ya kwanza. Nilikuwepo kwenye makaburi yote mawili, kwa hiyo nilitaka kuwepo na kwenye furaha, nimemshika mtoto mwenyewe kwa mikono yangu.

Sasa usharika wao, kama ulivyo wetu, haumkubali msimamizi wa kutoka mbali bila barua ya usharika wake kusema huyu ni mshirika mwema na hajatengwa. Barua hiyo inaanzia kwa mzee wa kanisa wa jumuiya yako. Asipotia sahihi yeye, mchungaji hagongi mhuri, na wewe unabaki kukaa na wageni wengine ukitazama.

Mzee wetu wa kanisa ni dereva mstaafu, Mbena wa Njombe, aliyemaliza ujana wake kwenye malori. Mtu mpole, ila ukikosa ibada ya jumuiya mara mbili atakuja mwenyewe kukuuliza unaumwa nini. Nilichokuwa sikijui ni kwamba magoti yalipomkatalia lori, wanawe walimnunulia kompyuta, na humo akajitafutia barabara nyingine.

Jumamosi mbili kabla ya ubatizo nilikamata chombo kipana, kikongwe, kinakwenda taratibu na kimeshika upande wake wa kushoto, utadhani huko angani kuna trafiki. Kimejaa kahawa. Nikakizimia injini, nikaandika salamu yangu.

Jibu likaja: "Kamwene. Za nyumbani?"

Hapo mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nilifurahi! Miaka mitatu nasalimia peke yangu, leo nimeitikiwa. Nikajibu za nyumbani nzuri, sijui za kwenu. Akasema za kwao nzuri, akauliza mimi ni wa upande gani. Nikasema Kilolo. Akauliza kama ndiko ninakokaa. Nikasema hapana, niko Mbeya, Ilomba, nina steshenari. Akauliza nimeshindaje. Nikasema nimechoka kidogo, nimetoka mazoezi ya kwaya. Ndivyo nilivyolelewa: mtu akishakusalimia akauliza habari zako, unampa habari zako, za kweli, bila haraka. Zilipokwisha nikaomba samahani, nikamwambia amwage nusu ya kahawa. Akamwaga. Halafu akaandika kwamba ananishukuru na kwamba amenifahamu. Nikadhani ni adabu tu.

Jumatano alasiri nilimpelekea barua, nimeichapa vizuri, imebaki sahihi na ile mistari miwili ya maoni ya mzee wa kanisa. Nilimkuta barazani anapukuchua maharage. Nikampa shikamoo, akaitikia, akavaa miwani, akaisoma barua yote, akaiweka chini ya ungo. Akasema kwamba kahawa yake ilikuwa njema, akauliza niliipeleka wapi.

Jamani. Nilitamani sakafu inimeze.

Hakupandisha sauti. Alisema anachotaka ni vitu viwili. Kwanza niirudishe ile kahawa. Pili, kesho Alhamisi, kwenye ibada ya jioni, nisimame mbele ya usharika niseme kosa langu, kama wanavyofanya wote wanaorudi kundini, watu wanipe mkono, yaishe. Baada ya hapo atasaini. Nilicheka nikidhani ananitania. Hakucheka.

Ndipo akanisimulia. Zamani, akitoka Makongolosi na lori, alikuta mti umelazwa barabarani. Walikuwa watano. Walichukua kila kitu, wakamvua nguo, wakamfunga kwenye gurudumu la lori lake mwenyewe, na hapo alikutwa asubuhi na akina mama waendao shamba. Akachambua harage lililooza.

"Nao walinisalimia," akasema. "Walinisalimia vizuri kabisa."

Nilimpa pole, na pole ile ilitoka moyoni. Niliona aibu kwa ile Kamwene yangu. Lakini aibu ni kitu kimoja na toba ni kingine, na huyu mzee alikuwa anataka kunichanganyia. Nikamtolea uvivu. Nikamwambia njia ile aliichagua mwenyewe, na mchezo unamtangazia kila mtu kabla hajaingia kwamba haramia wapo. Kama hataki, ziko njia za walinzi. Akizima kompyuta, maharage yake bado yamo kwenye ungo na miguu yake haijafungwa popote. Nikamwambia wale watano walimvua utu, mimi nimemvua kahawa ambayo haijawahi hata kuota.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba mwanangu, mkono unazoea.

Damu ilinichemka. Mkono unazoea! Katika maneno yote ya Kiswahili akachagua hilo.

Maana mimi nililetwa Mbeya nina miaka kumi na mitano kufanya kazi za ndani. Kila mtu anajua wasichana wa kazi wanatoka wapi. Wanatuagiza kama viazi, wanasema wa Iringa ni watiifu. Nilikuwa mtiifu kweli. Miaka sita. Na kila Desemba, siku ya kwenda likizo, nikishavaa, nimeshachana nywele, mama mwenye nyumba aliniita sebuleni na begi langu. Alilifungua mbele ya watoto wake na yeyote aliyekuwepo, akatoa kimoja kimoja. Kanga. Chupi. Daftari la nyimbo. Alikung'uta kila kitu. Mwaka mmoja alikuta kipande cha sabuni, akakinusa, akaenda bafuni kukilinganisha na cha kwake. Hakikuwa cha kwake. Hakusema samahani, alisema anahakikisha tu, maana mkono wa mtu unazoea. Kisha nilikunja vitu vyangu upya, nikapiga goti, nikamuaga.

Haya nilikuwa sijamwambia mtu, hata mdogo wangu. Nilimwambia mzee wa kanisa pale barazani, nimesimama.

"Baba, nimepekuliwa miaka sita kwa vitu ambavyo sikuiba," nikasema. "Hakuna aliyesimamishwa kanisani kwa ajili ya hilo. Sasa Jumamosi mchana napekua mimi. Toba sina, na kahawa sirudishi."

Akasema basi barua itakaa hapo chini ya ungo. Nikamwambia ikae.

Ushujaa wangu uliishia njiani. Nilimpigia simu mdogo wangu nikamweleza. Nilisikia mtoto anakoroma karibu na simu, kisha mdogo wangu akaanza kulia. Akaniomba nisimame tu, dada, niseme hilo neno moja, dakika moja, nimfanyie yeye. Ningemfanyia mengi. Ningemfuata popote. Lakini nilipojiona nimesimama mbele ya watu nasema mimi ni mwizi, nilimwona yule mama amekaa kiti cha mbele, anatikisa kichwa kuonyesha kwamba alijua siku zote. Ng'o! Sikuweza.

Na njia nyingine ilikuwepo, nisidanganye. Barua hizo nazichapa mimi, ninayo hata nakala yenye sahihi za miaka ya nyuma. Mhuri ungepatikana kwa fundi kule Mbalizi nikisubiri dirishani. Alhamisi nzima karatasi safi ilikuwa mbele yangu. Huko angani nisingefikiri mara mbili. Hapa dukani nilishindwa, kwa sababu ningekwenda nayo Iringa kwenye begi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu begi lingekuwa na kitu cha kukutwa.

Ijumaa asubuhi, nikielekea stendi, nilipita kwa mzee. Sikwenda kuomba. Nilikwenda kumuaga, maana kuondoka bila kumuaga mkubwa wako hiyo ndiyo dhambi. Nikamwambia nakwenda Iringa bila barua, mtoto atashikwa na mwingine, mimi nitakaa nyuma, na bado sijutii kitu. Alikuwa analitazama begi langu pale miguuni. Alilitazama muda mrefu.

"Barua hizi si unazichapa wewe mwenyewe?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Na mhuri?"

"Nisingeshindwa."

Akaingia ndani. Niliposikia kabati linafunguliwa nikajua anachukua koti, si kitabu cha kunisomea. Akatoka na barua kwenye bahasha, ameshaifunga kwa gundi, na kalamu ikiwa bado mkononi. Tukatembea pamoja hadi ofisi ya usharika, taratibu, magoti yake yakimsumbua. Akaingia na bahasha peke yake. Mhuri ulipogongwa niliusikia nikiwa nje. Akanikabidhi bahasha nyingine, nayo imefungwa, akanitakia safari njema, akaniambia nisidhani tumemalizana.

Sikuifungua njiani. Jumamosi niliipeleka kwa mchungaji wa Iringa, akaisoma, akainua macho, akaniuliza huyu mzee wangu ni mtu wa namna gani. Nikasema ni dereva. Akanigeuzia karatasi niione. Kwenye ile mistari miwili ya maoni, ambako wengine huandika "mshirika mwema, anahudhuria", alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kulala: "Namfahamu. Hana cha mtu."

Nililia ofisini kwa mtu nisiyemjua. Sikulia vile kwenye makaburi. Kesho yake nilimshika mtoto, maji yalipomgusa akanipiga ngumi ya kidevu, na mdogo wangu akacheka kwa sauti katikati ya kanisa.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nyuma ya sayari yangu nyekundu, kama kawaida. Ile njia ya walinzi ilikuwa wazi, lakini chombo kile kipana kilikuja huku huku kwangu, upande wake wa kushoto, taratibu. Nikakizimia injini. Nikaandika Kamwene. Akajibu Kamwene, akauliza mtoto hajambo. Nikampa habari zote, hadi ile ngumi. Akanipa za magoti yake. Habari zilipokwisha nilikuwa na kidole juu ya kitufe cha kupekulia, nikakiondoa. Nilimuuliza tu amebeba nini. Akaniambia majani ya chai, magunia mia mbili. Nikamwamini, nikachukua nusu yangu.